Chupa za Miaka ya Dhiki



Katika nyumba moja hapa Lemara nilionyeshwa chupa tatu zilizopangwa juu ya kabati: ya kahawia, ya kijani, na moja ndogo ya buluu. Kijana wa nyumba ile alitaka kumpatia mnunuzi wa chupa tupu, pamoja na chupa za soda za juzi. Bibi yake alikataa katakata, kwani zilikuwa za marehemu mama yake. Nikaombwa kuamua. Nami nikamwomba bibi asimulie kwanza.

Alianza na miaka ya utoto wa mama yake. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Mwaka huohuo reli ilifika Arusha kutoka Moshi, lakini bei ya kahawa na mkonge, mazao yaliyotarajiwa kujaza mabehewa yake, ikaporomoka. Kodi ilidaiwa vilevile, tena kwa fedha taslimu. Jirani zetu wa Kilimanjaro waliunganisha nguvu za wakulima wa kahawa katika KNCU mwaka 1933.

Katika dhiki ile chupa haikutupwa. Mwenye fedha alikunywa kilichokuwamo, maskini akarithi chombo. Humo ilihifadhiwa samli, asali, mafuta ya taa na dawa.

Huko Marekani, katika miaka hiyohiyo, viwanda vilifyatua vyombo vya kioo vya rangi ya waridi, kijani na manjano kwa bei ya senti chache. Vingine vilitolewa bure ndani ya maboksi ya nafaka, au kwa waliokata tiketi za sinema. Leo vyombo hivyo vya bure hutafutwa na wakusanyaji, nao huvinunua kwa bei ambayo wenyewe wa kwanza wasingeiamini.

Rangi nayo ina maana yake. Madini ya chuma huleta kijani, kobalti huleta buluu, na kahawia hukinga kinywaji dhidi ya mwanga. Mshono ukipanda hadi mdomoni, chupa imefyatuliwa kwa mashine. Haikumaliziwa kwa mkono wa fundi.

Nilimwambia kijana kwamba kuuza chupa si kosa. Hapa Arusha karakana ya Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewapa watu wenye ulemavu kazi ya kugeuza chupa kuukuu kuwa shanga na bilauri. Chupa za juzi na ziende zikayeyushwe. Lakini hizi tatu, aandike kwanza kwenye karatasi: zilikuwa za nani, zilitunza nini, katika miaka gani. Bila maneno ya bibi, ni vioo tu. Na bibi akiisha kuondoka, hakuna duka litakalotuuzia maneno hayo.

Kijana alileta daftari. Bibi akaanza na ile ya buluu.