Homa ya Mama Mjamzito Katika Nchi ya Ujiji na Mwandiga

Vitabu vya sharika huandika ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Mtoto aliyefia tumboni, au aliyezaliwa kabla ya wakati akafa pasipo jina, hana mstari humo. Kwa sababu hiyo imeonekana vema, katika kitabu hiki cha miaka mia moja, kutenga nafasi kwa jambo ambalo nyumba nyingi za Mwandiga zinalifahamu ijapokuwa si rahisi kulipata katika maandishi, yaani homa impatayo mama mwenye mimba.

Homa za wageni ziliandikwa sana. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Burton alikuwa hawezi kutembea sawasawa na Speke macho yake yalikuwa yamefifia. Livingstone aliingia Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa mahututi, na Stanley aliyemkuta hapo mwaka 1871 naye aliijua homa vizuri. Mabwana hao walihesabu katika shajara zao kila siku waliyotetemeka. Wanawake waliotembea katika misafara ile ile, wengine wakiwa na mimba na mizigo kichwani, hawakupata mwandishi.

Hata neno lenyewe lilificha mengi, maana “homa” ilikuwa jina moja la magonjwa kadhaa. Mojawapo ni homa ya papasi, mdudu wa jamii ya kupe akaaye katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu za udongo, ambaye huuma usiku. Homa yake hupanda siku chache, hushuka, kisha hurudi. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Kasongo, daktari Mwingereza Dutton alikuwa akiichunguza pamoja na mwenzake Todd. Ikamshika yeye mwenyewe, akafa Februari 1905. Wakati huo huo Robert Koch, Mjerumani, alikuwa akiichunguza katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba papasi hurithisha vijidudu hivyo hata katika mayai yake. Kwa mjamzito ugonjwa huu ni mkali mno: huharibu mimba, huleta uchungu kabla ya miezi kutimia, na vijidudu vyaweza kuvuka hadi kwa mtoto. Penisilini huutibu, na sakafu ya saruji humnyima papasi makao.

Lakini adui mkubwa zaidi ni malaria. Laveran aliona vijidudu vyake katika damu mwaka 1880, na Ross akathibitisha habari ya mbu mwaka 1897. Mwandiga ipo mahali pa kufundisha somo lake, kwa kuwa hapa ndipo njia itokayo Kigoma hugawanyika, moja kwenda Manyovu na mpaka wa Burundi, nyingine kwenda Kasulu. Mama atokaye milima ya baridi, ambako mbu ni wachache, hushuka bila kinga ya kutosha. Malaria ikimpata na mimba humwangusha waziwazi kwa homa kali, degedege, kupoteza fahamu, na mara nyingi mimba hutoka. Wakimbizi waliovuka mpaka katika miaka ya 1972, 1993 na 2015 walikuwamo akina mama wa namna hiyo.

Mama aliyekulia pwani ya ziwa ana habari tofauti. Ameumwa na mbu tangu utoto na mwili wake umezoea kupigana. Huenda asione homa hata kidogo. Hata hivyo mimba yake ya kwanza hukaa hatarini. Sababu ilifunuliwa mwaka 1996, pale Michal Fried na Patrick Duffy, kwa kazi yao ya magharibi mwa Kenya, walipoonyesha kwamba vijidudu vya malaria hujishikiza katika kondo la nyuma kwa namna yao ya pekee. Kinga ya utotoni haivitambui. Mama hujenga kinga dhidi yake mimba baada ya mimba, na ndiyo maana kifungua mimba huumia kuliko wadogo zake. Kondo lililojaa vijidudu hupitisha chakula kidogo. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo au amekufa, na mama hubaki na upungufu wa damu ambao humfanya asiweze kustahimili kutokwa damu wakati wa kujifungua.

Tufikiri ni mabinti wangapi walilaumiwa kwa kumpoteza mtoto wa kwanza. Walisemwa kuwa wamefanya kazi nzito, au wamelogwa, au hawakutulia katika ndoa. Wala hawakuwa na homa ya kujitetea nayo.

Kwa muda mrefu kliniki zilitoa klorokwini, mpaka vijidudu vilipoizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha. Ndipo vikaja vidonge vya SP, ambavyo mjamzito humeza mbele ya mhudumu hata kama hajisikii mgonjwa. Wengi waliuliza, na wengine huuliza hata leo, kwa nini mtu mzima wa afya apewe dawa. Jibu limo katika lile kondo la nyuma. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani hushauri dozi tatu au zaidi, kuanzia mwezi wa nne, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo hugongana. Kati ya 2004 na 2014 Hati Punguzo ilimwezesha mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu. Vyandarua vingine, sisi watu wa ziwani tusifichane, viliishia kuvua dagaa.

Kazi haijaisha. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, takriban watoto 24 kati ya 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani Kigoma walikutwa na malaria, kiwango kilichozidi mikoa yote. Palipo na mtoto wa namna hiyo, mbu yule yule humuuma na mama yake mwenye mimba.

Tena si kila homa ni malaria. Maambukizi ya njia ya mkojo na homa ya matumbo nayo humshika mjamzito, na joto kali lolote laweza kuchochea uchungu mapema. Apimwe kwanza, asinunuliwe vidonge dukani kwa kukisia. Akikutwa na malaria, dawa mseto ya ALu yaweza kutumika hata katika miezi mitatu ya kwanza, kwa mujibu wa ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022. Kabla ya hapo, mama wa miezi hiyo alipewa kwinini, chungu kama shubiri, siku 7 mfululizo.