Kupiga kambi katika kisiwa cha Heard

KISIWA cha Heard ni milki ya Australia iliyo kusini kabisa mwa Bahari Hindi, yapata kilomita 4,000 kusini magharibi mwa mji wa Perth. Hakina wenyeji, bandari wala uwanja wa ndege. Anayetaka kulala humo hana budi kusafiri kwa meli zaidi ya wiki moja, kisha ajijengee kambi penye theluji na upepo mkali.

Hata hivyo, baridi si tatizo la pekee. Mgeni hulazimika kujikinga na kisiwa, na papo hapo kukikinga kisiwa dhidi yake mwenyewe.

Kibali na ukaguzi

Heard kilitangazwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 1997. Hakuna anayeruhusiwa kushuka pwani bila kibali cha idara ya Australia inayosimamia shughuli za Antaktika. Sababu ni kwamba kisiwa hicho ni miongoni mwa vichache vya ukanda huo visivyo na panya, paka wala sungura walioletwa na binadamu.

Hasara ya uzembe inaonekana katika kisiwa cha Marion, milki ya Afrika Kusini. Panya walioletwa na meli hula makinda ya albatrosi wakiwa hai. Paka waliopelekwa huko mwaka wa 1949 kuwawinda panya hao waligeukia ndege, na kuwamaliza kulichukua hadi mwaka wa 1991.

Kwa hivyo, kabla ya safari, viatu, mifuko ya nguo na mahema husuguliwa ili mbegu na udongo visivuke bahari.

Kushuka pwani

Abiria na mizigo huvushwa kwa mashua za mpira. Mawimbi yakichafuka, kazi husimama. Chakula, dawa na mafuta ya kutosha siku za ziada hupelekwa nchi kavu mapema, kwani mashua huenda isiweze kurudi siku iliyopangwa.

Mahema

Kisiwa kimetawaliwa na mlima Big Ben, volkano hai yenye kilele cha mita 2,745. Hewa baridi huporomoka kutoka kwenye barafu yake kwa kasi. Hema lifaalo ni la umbo la kuba, kwa kuwa upepo hulipita juu bila kulisukuma. Penye mchanga, vigingi hung'oka upesi. Kamba hufungwa kwenye mawe au magunia yaliyojazwa mchanga.

Kambi haiwekwi kwenye njia ya sili-tembo, kwani dume mmoja aweza kuzidi tani tatu. Anayepika ndani ya hema sharti aache nafasi ya hewa, kwa kuwa moshi wa jiko waweza kuua.

Kuondoka

Mnamo Machi na Aprili 2016, kikosi cha watu 14 wapenzi wa mawasiliano ya redio kilichotoka Cape Town kwa meli Braveheart kilipiga kambi kisiwani kwa muda wa wiki tatu hivi. Kambi ya aina hiyo hung'olewa yote, taka zikarudishwa melini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Heard ni ndege na sili, na kupona kwao kunategemea mgeni asiache kitu nyuma.