Kelele za meli na nyangumi

Kelele za meli ni uchafuzi wa bahari usioonekana kwa macho. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani, na ngurumo nzito ya rafadha hufika mbali mno. Nyangumi wakubwa huitana kwa sauti nzito kama hizo. Meli ikipita, mwito humezwa.

Ushahidi wa kuhuzunisha kwamba kelele hizi pia huwapa nyangumi msongo ulitoka Ghuba ya Fundy, Kanada. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, meli zilipungua na kelele ikashuka kwa desibeli 6. Watafiti walipopima kinyesi cha nyangumi kilichookotwa kikielea, walikuta homoni za msongo zimeshuka pia.