Mbudya: kisiwa kidogo mbele ya Kunduchi kilichojengwa na matumbawe

Ukitoka Bagamoyo kwa basi kwenda Dar es Salaam, baada ya Bunju na Tegeta unafika Kunduchi Mtongani. Shuka hapo, chukua bodaboda hadi ufukweni, kisha tazama baharini. Kile kisiwa cha kijani chenye ukingo wa mchanga mweupe ndicho Mbudya. Wasikilizaji wetu wengi wamekiona kwa mbali tu.

Vipo visiwa duniani vilivyozaliwa na moto. Ngazidja ya Comoro imekaa juu ya volkano ya Karthala, na Stromboli ya Italia hutema moto hadi leo. Mbudya haina moto. Mwamba wake ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na wadudu wadogo wa baharini zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nje. Ndiyo maana jiwe lake ni kali, lina matundu, na ukitembea peku utajuta.

Hakuna kijiji Mbudya wala maji baridi. Kuna mibuyu, mivinje na vichaka, na kuna kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, anayepanda miti na kutoka zaidi usiku. Wageni hukaa kwenye vibanda vya makuti, huogelea, na hula samaki wa kuchoma.

Historia ya watu iko ng'ambo, Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 hivi, na kando yake, katikati ya mibuyu, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 na 19. Nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za Kichina, dalili kwamba wenyeji walifanya biashara na watu wa mbali. Hata jiwe la magofu hayo ni tumbawe, na chokaa yake ni tumbawe lililochomwa. Tunashauri uanzie hapo kabla ya kupanda boti, maana wengi hupita bila kujua.

Mwaka 1975 serikali iliitangaza Mbudya kuwa hifadhi ya bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Lakini kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa wa kwenye karatasi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja mwaka 1994 ndipo kikapatikana chombo cha kusimamia. Wakati huo wote baruti ililia.

Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, lakini haukukoma. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya nchi wakisikiliza kwa vinasa sauti chini ya maji. Walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na wengi huzama bila kuokotwa. Mwamba huvunjika vipandevipande, na kwa kuwa vipande hivyo huviringishwa na mawimbi, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Jeraha la sekunde moja huchukua miongo kupona.

Msako uliokazwa kati ya mwaka 2016 na 2018 ulipunguza sana milipuko. Hata hivyo, mnunuzi bado ana kazi. Samaki wa baruti nyama yake hulegea, mifupa huachana na nyama, na ukimpasua unakuta damu imevilia tumboni. Ukimwona sokoni, usimnunue hata akiwa rahisi.

Mvuvi wa Kunduchi naye ana hoja, na tunaona ni ya haki kuisema. Katika eneo tengefu sheria hairuhusu kuvua, na mwenye ngalawa hawezi kwenda mbali kama mwenye injini. Anayelipa gharama ya hifadhi kila siku ni yeye, wala siyo mgeni wa Jumapili. Lakini samaki wanaozaana penye ulinzi hutoka nje ya mipaka, na mwamba mzima huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Wakazi wa Kunduchi walioona bahari ikila ardhi yao wanajua uzito wa jambo hilo.

Ukitaka kwenda, boti ya injini huchukua dakika kama 20. Uliza kwanza nauli ya kwenda na kurudi, na kiingilio cha hifadhi, ambacho kwa Mtanzania ni kidogo kuliko kwa mgeni. Beba maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia mwamba. Msimu wa kusi bahari huchafuka, hasa mchana, kwa hiyo ondoka asubuhi, na usipande boti isiyo na maboya. Ukiogelea, usisimame juu ya matumbawe. Ni viumbe hai.