Karata Tatu za Kariakoo: Mezani Mwenye Hela ni Wewe Tu

Wadau, mjini shule, leo tupige historia kidogo. Karata hazijaja juzi hapa pwani. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, waliofika kwetu mwaka 1498. Kopa, uru, pau, turufu, zote za kwao. Wazee wa barazani wakazifanya zao kwa mchezo wa wahedi wa sitini.

Poka ilishika kasi karne ya 19, kwenye meli za mto Mississippi kule Marekani. Utamu wake uko raundi ya mwisho: karata zimeisha kugawiwa, mkono mbovu hauponi tena. Kilichobaki ni kuzuga, unapandisha dau kibabe ili mwenzako aogope, atupe zake. Akikomaa akataka kuona, umeliwa.

Kwenye meli hizohizo matapeli walicheza karata tatu. Ndizo hizi za uchochoroni Kariakoo, boksi limegeuzwa meza. Pembeni kuna mshkaji anapandisha dau, anashinda, anaondoka anacheka. Wewe umeona karata ya ushindi ina kona iliyokunjwa, unajiona mjanja, unatoa kodi ya nyumba.

Sasa cheki tofauti. Anayezuga kwenye poka anahatarisha hela yake. Yule mshkaji hahatarishi kitu: anachoweka kinarudi mfuko uleule. Na ile kona ilishakunjuliwa, ikakunjwa ya karata nyingine.

Kwa hiyo ukiona dau linapanda, usihesabu karata. Hesabu nani pale anaweza kupoteza. Ni wewe peke yako.

Ulishawahi kuliwa? Tiririka hapo chini.