Kuipigia Ardhi Hodi: Usiku wa Kwanza Katika Nyumba Mpya Huko Tunguu

Mtu ahamiapo nyumba, sisi walimu huuliza habari za kufuli, maji na paa. Wazee wa Unguja waliuliza neno jingine kwanza, nami nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Nilipohamia Tunguu kutoka Mjini tulifika magharibi imekwisha ingia, tukashusha vitanda, mikeka na mtungi, tukafunga mlango tukalala. Asubuhi nikamwamkia mzee jirani yangu, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akaniuliza, "Jana umelala kwa nani?" Nikasema, nimelala kwangu. Akanijibu, "Nyumba ni yako, sikatai. Lakini ardhi hukuipigia hodi."

Nalidhani ananitania. Kumbe swali lile ni la kale.

Tunguu iko mashariki ya Mjini, katika njia iendayo Jozani, wala si mbali na Dunga. Upande wa magharibi ndiko yalikoenea mashamba ya mikarafuu zamani za Sayyid Said. Upande wa mashariki ni nchi ya mawe, nchi ya Wahadimu. Katika miji ya Wahadimu ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja, bali ya ukoo, na mji uliangaliwa na wazee walioitwa Watu Wanne. Pamoja nao alikuwako mvyale, mwanamume au mwanamke, wa uzao wa wale waliotangulia kufyeka msitu. Yeye ndiye aliyeujua mzimu wa mahali na kuupelekea sadaka. Mgeni atakaye kujenga alianza kwao, kabla ya kukata hata ufito mmoja. R. H. W. Pakenham aliandika habari za ardhi ya Wahadimu wa Chwaka mwaka 1947, na John Middleton akaandika juu ya ardhi ya Unguja na Pemba mwaka 1961. Atakaye kujua zaidi na awasome hao.

Basi matayarisho ya usiku wa kwanza hayakuanza usiku ule. Yalianza kwa ruhusa, na ruhusa ilimpa mgeni majirani. Yaliyofuata ndani ya nyumba ndiyo tuyaonayo hata sasa: ubani katika chetezo, mwalimu wa chuoni na wanafunzi wake kusoma Yasini au Maulidi, na sinia la wali kwa watoto wa jirani. Tena wako waliokwenda kwa mganga kutaka zindiko, au kufukia fingo chini ya kizingiti ili mwizi na mchawi wasipite.

Wenzetu wengi huyafunga haya yote katika tita moja na kuyaita uchawi. Mimi naona ni kosa, tena lenye hasara. Fingo ni fingo, na mwalimu Mkristo hana haja nalo. Yasini ni sala ya Mwislamu nyumbani mwake, kama nasi tunavyomwita padre aje kuibariki nyumba yetu. Lakini hodi kwa wenyeji ni adabu tu, na anayemkataza Mkristo mgeni kuipiga amemtenga na wale watakaomzimia moto paa likishika usiku.

Jirani zetu wa Dunga wana mfano wa namna nyingine. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijenga jumba lake huko kati ya 1846 na 1856, na masimulizi yasema watumwa walichinjwa ili damu yao iimarishe kuta. Ni masimulizi, si hati. Hata hivyo, watu wameendelea kuyasimulia. Mwanawe Ahmed alikufa mwaka 1873, ukawa mwisho wa utawala ule, na jumba likawa magofu.

Baada ya mapinduzi ya 1964 ardhi ilitwaliwa na Serikali, na wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Siku hizi Tunguu ina vyuo vikuu na ofisi, na wahamiaji ni wengi kuliko wenyeji waliowazoea. Lakini mhamiaji bado huenda kwa sheha na barua ya sheha wa kule atokako. Karani ataiona ni karatasi. Mzee wangu huiona ni hodi ileile, ila imeandikwa.

Siku ile nilikwenda kwa sheha, kisha nikarudi kwa yule mzee kuomba radhi. Akacheka. Jioni akaja na mkewe, amechukua kaa la moto katika kigae, kwa kuwa mke wangu alikuwa bado hajaweka mafiga yake. Tulipika chai, wakakaa barazani hata saa nne. Walipoondoka hatukufunga mlango upesi kama jana.