Moto wa Dumu na Moto wa Betri

Hapa Rasbura, Lindi mjini, ubishi wa kijiweni siku hizi ni vyombo vya umeme. Mshikaji mmoja, dereva wa bodaboda, aliapa kwamba hapandi gari la betri hata apewe bure. "Likilipuka unabanikwa kama pweza, mwanangu!" Akasema hayo huku chupa ya maji ya lita moja na nusu ikining'inia kwenye usukani wake. Ndani, petroli.

Simcheki. Petroli tumeizoea, na mazoea yana tabu. Lakini tukiifungua historia, ndugu msomaji, tutakuta mambo.

Kwanza, gari la umeme si mtoto wa jana. Mwaka 1900 barabara za New York zilikuwa na magari ya mvuke, ya umeme na ya petroli, yote yakigombea wateja. Petroli ikashinda kwa sababu ilienda mbali, mafuta yakawa rahisi, na mwaka 1912 Cadillac wakaleta stata ya umeme, basi dereva akaachana na adha ya kupiga hendeli. (Yaani umeme ndio uliompa petroli ushindi!) Usalama haukuwa hoja.

Ungekuwaje hoja? Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la Lindi. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini kimya kimya mpaka ukutane na jiko au sigara.

Afrika Mashariki imelipa. Januari 2009, Sachangwan, Kenya: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, zaidi ya 100 wakafa. Julai 2010, Sange, mashariki ya Kongo: zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu yetu, Msamvu, Morogoro. Nako lori, nako madumu, na waliokufa wakapita 100. Baada ya misiba hiyo yote, dumu bado lipo uvunguni mwa vitanda vyetu.

Betri je? Nchini Sweden serikali ilihesabu moto wa magari wa mwaka 2022. Katika kila magari 100,000 ya umeme, pamoja na yale yanayochanganya umeme na mafuta, yaliungua kama manne. Kwa magari yote kwa jumla ilikuwa kama 68. Tusishangilie haraka, maana mengi ya umeme ni mapya, na gari kuukuu huungua zaidi, liwe la nani. Hata hivyo pengo hilo si dogo.

Lakini moto wa betri una ukaidi wake. Seli moja ya lithiamu ikiumia hujipasha joto yenyewe, ikaambukiza jirani yake, ikatoa gesi zinazowaka. Zimamoto humwaga maji mengi mno ili kuipoza, na kesho yake inaweza kuwaka tena.

Na hapa sisi watu wa pwani tutege sikio. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilisukuma maji ya bahari bandarini Newark, Marekani, na magari 16 aina ya Fisker Karma yakateketea yakiwa yameegeshwa. Baada ya kimbunga Ian, Florida, Septemba 2022, ikawa hivyo hivyo. Chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa, na moto unaweza kuja siku kadhaa baadaye, maji yamekwisha kukauka.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitufikia, mafuriko yakakata barabara ya Dar upande wa Kilwa. Gari la betri lililoloa maji ya bahari halichajiwi, halilazwi barazani. Huvutwa mpaka uwanjani, mbali na nyumba, likangoja fundi. Rasbura uwanja huo ni upi, na fundi ni nani?